Vicheche Chini ya Ngazi

Sughra hafungui dirisha. Kamera yake imekaa juu ya stendi ya miguu mitatu kando ya sinki la jikoni, lenzi yake, ndefu kama chupa ya chai, imeelekezwa uani kupitia kioo, na kioo hicho hukisugua kila alasiri kwa siki na gazeti kuukuu. "Watu husema picha ya kupigia kiooni huwa na ukungu," anasema. "Ukungu nitauvumilia. Ile harufu, hapana."

Anaowapiga picha ni vicheche: wanyama weusi, wakubwa kama paka, wenye mistari miwili myeupe kutoka kisogoni hadi mkiani. Mjini Toronto hulala chini ya vibanda na ngazi za mbao, wakatoka jua linapozama. Kicheche akitishwa hupiga miguu ya mbele chini, kisha huinua mkia. Asiyelielewa onyo hilo hunuka siku nyingi.

Sughra ana miaka hamsini na minane, ni mjane, na kazi yake ni kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno huko Don Mills. Alizaliwa Arusha. Watu wakisikia hivyo humuuliza kama aliwahi kuwapiga picha simba. Hakuwahi. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, Jumapili familia ilikwenda kula mishikaki, na simba waliachiwa watalii. Kamera aliinunua Toronto, imeshatumika, baada ya mumewe kufariki.

Anaishi mtaa wa Agincourt, mjini humohumo, katika nyumba pacha. Upande wa pili wa ukuta anakaa wifi yake Shahida, dada mkubwa wa marehemu mumewe, pamoja na mwanawe Ehsan. Ua wao ni mmoja, hauna fensi katikati. Mawifi hao huzungumza Kikachi, lugha ya wazee wao kutoka India, wanapopatana na Kiswahili wanapogombana, kwa sababu, anasema Sughra, Kiswahili kina nafasi zaidi.

Mwezi wa tano kicheche jike alihamia chini ya ngazi za nyuma za Shahida. Kwa lenzi, Sughra aliona jambo ambalo jicho tupu lisingeliona: manyoya ya tumboni yamepungua, chuchu zimevimba. Kulikuwa na watoto huko chini. Tangu hapo akawa anasubiri picha moja tu, ya jioni ambayo mama angewatoa nje.

Kila Alhamisi Shahida huwa na majlisi ya wanawake, kikao cha dua na maombolezo, nyumbani kwake, na Muharram inapoingia huongeza siku. Baada ya majlisi huliwa niazi, chakula kilichosomewa dua kwa jina la Imam Hussein. Muharram ya mwaka huu iliangukia Juni. Barabarani mbele ya nyumba palikuwa pamechimbwa mabomba, kwa hiyo wageni waliingia kwa mlango wa nyuma na kuvua viatu juu ya ngazi. Jioni moja mgeni mmoja akaufungua mlango kwa ghafla ili aondoke. Kitu kikapiga miguu chini, mara mbili. Akaufunga upesi. Yeye alipona, viatu havikupona.

Wanawake waliovaa nyeusi tupu walirudi makwao na malapa ya bafuni ya Shahida, na yalipokwisha, na soksi za Ehsan. Bibi mmoja aliomba mfuko wa taka atie viatu vyake. Alipewa mfuko, kisha mkwewe akamwomba asiingie nao garini.

Kesho yake Ehsan akapata mtu wa mitego. "Anakuja Jumatatu," alimwambia Sughra uani, kwa Kiingereza, maana Kiswahili hukielewa lakini hakijibu.

"Atamchukua mama. Na watoto?"

"Watoto gani, anti?"

Sughra alikwenda kutafuta picha ya kumthibitishia. Kwenye kompyuta alimvuta kicheche karibu mpaka uso wake ukajaa kioo. Penye masharubu palikuwa na punje ya wali, ya manjano kwa zafarani. Katika picha ya wiki iliyotangulia zilikuwa punje kadhaa. Katika nyingine, nyuma ya mkia, ilionekana sinia ya chuma. Aliijua sinia hiyo.

Katika jamii yao niazi haitupwi kwenye pipa la taka. Hakuna anayefundishwa; mtu hukua akimwona mama yake akiweka mabaki chini ya mti yaliwe na ndege. Arusha, kunguru walimaliza kabla ya magharibi. Agincourt, ndege hawakuigusa biriani ya Shahida, na giza likiingia sinia ilikuwa bado imejaa.

Akinyamaza, mitego ingekuja. Akisema, angekuwa anamkosoa mkubwa wake katika jambo la dini, na kicheche akikosa wali angehama na wanawe kabla ya picha. Akaibeba kompyuta hadi upande wa pili. Shahida alikuwa akichambua dengu.

"Wifi, hebu tazama."

"Nimeshamnusa. Sasa nimtazame pia?"

"Tazama mdomo."

Shahida akavaa miwani. "Hiyo ni biriani yangu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unataka niazi niitie pipani, pamoja na nepi za watu."

"Sijasema hivyo."

"Uso wako umesema."

"Wifi, wanaokula ni hawa, si ndege. Chakula kikikosekana mama atawahamisha mwenyewe. Mwambie Ehsan asubiri."

"Na wewe utapiga picha ya nini wakihama? Ya ngazi zangu?"

Sughra akaifunga kompyuta. "Huenda nisipige."

Shahida akarudi kwenye dengu. "Tabu ni kwamba napika kama niko Arusha," alisema baadaye. "Sufuria lilelile, watu nusu."

Alhamisi iliyofuata alipika kwa sufuria dogo. Kilichobaki wageni walibebeshwa katika makopo ya aiskrimu, wakitaka wasitake, na ukoko akala Ehsan asubuhi. Mtu wa mitego akasogezwa wiki moja.

Jioni baada ya jioni Sughra alitoka kazini, akakaa penye sinki, asione kitu. Kisha Jumapili, mwanga ukiwa umeanza kupungua, mama akatoka chini ya ngazi, akasimama, na nyuma yake wakatoka watoto kwa mstari. Walikatiza uani bila kusimama tena, wakapenya kwenye ua wa michongoma wa jirani. Simu ikalia.

"Nimewaona," alisema Shahida. "Watatu?"

"Wanne. Mmoja alijificha nyuma ya ndoo."

"Picha umepata?"

"Mama katoka vizuri. Watoto wametikisika, madoa matupu."

"Wanahesabika?"

"Wanahesabika."

"Basi mtumie Ehsan hivyo hivyo, amwambie yule mtu wake asije."