Mkeka wa Mlangoni

Afisa wa afya anayekagua nyumba za wazee ili wasianguke hupiga hodi mara tatu, huvua viatu, kisha hupapasa kila ngazi kwa kiganja, kama apimaye homa. Fomu yake ina mambo kumi. Yakitimia, jalada hufungwa na harudi tena. Kwa bibi mjane wa nyumba ya mwisho, tisa yalitimia zamani. La kumi ni mkeka wa mlangoni, uliofumuka ukingo. Kila Alhamisi huukunja. Alhamisi ifuatayo huukuta umetandikwa.

“Bibi, huu utakuvunja nyonga.”

“Nimesahau, mjukuu wangu. Uzee huu! Keti, chai tayari.”

Hukaa, akanywa taratibu, kama mtu asiye na anakowahi. Alhamisi iliyopita bibi alijikwaa kwenye mkeka huohuo, afisa akamdaka kiwiko. Hakumgombeza. Aliukunja, akaubana kwapani, akatia alama ya vema kwenye jambo la kumi. Bibi aliitazama ile fomu, akaanza kukusanya vikombe.

“Basi ndiyo kwaheri?”

“Mkeka si wako, bibi? Kila Alhamisi nitauleta uuone, halafu nitaondoka nao.”