Jaji Hakutupa Soko

Soko letu la mbuzi, upande wa Yatta, lilikuwa kando ya mfereji, na hiyo ndiyo ilikuwa faida yake yote. Mbuzi waliotembezwa kutoka mbali walikunywa maji kwanza, ndipo wanunuzi wakawakagua. Baba yangu alikuwa dalali hapo tangu sijazaliwa. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kanso, yaani baraza la wilaya, ikaamua soko lihamie mlimani, kwenye mawe matupu, ambako tone la maji lilikuwa halijulikani. Hakuna aliyetuuliza. Tulisoma tangazo kwenye ukuta wa choo cha soko.

Baba na mshirika wake, mzee wa Kisomali aliyenunua mbuzi wa kupeleka Nairobi, wakatafuta wakili. Mimi nikaburutwa niwe mkalimani kwa kuwa nilikuwa mwalimu na Kiingereza changu kilipita. Tulikwenda Mahakama Kuu mjini Machakos hadi mama wa kibanda cha chai akajua sinywi sukari. Leo jaji yuko likizo, kesho faili haionekani, keshokutwa wakili wa kanso ana mafua. Nilichoka hadi nikajifunza kulala nimeketi.

Mwishowe jaji akautangua uamuzi wa kanso, kwa sababu watu wa soko hawakupewa nafasi ya kusema lao. Akaongeza kwamba mahakama haichagui mahali pa kuweka soko. Hiyo ni kazi ya kanso. Hilo nalo nililitafsiri, lakini nani alikuwa na habari na mimi? Baba na wenzake walikuwa wameshaanza kupeana mikono.

Sokoni kwetu bei hupatanwa kwa vidole, mikono ikiwa imefichwa chini ya shuka ili jirani asijue. Mkikubaliana, mmemaliza, hata mbuzi akifia njiani. Hakuna anayerudi kufufua maneno. Baba aliuchukua uamuzi wa jaji vivyo hivyo. Wakachinja beberu, wakajenga zizi upya kwa mbao za maana, na mimi nikala nyama nikanyamaza.

Kanso ikatuita. Safari hii madiwani walitupa viti, soda na alasiri nzima. Baba alieleza habari ya maji vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia akieleza jambo lolote, na nilimwonea fahari. Mwenyekiti aliandika, akatikisa kichwa kukubali, akatushukuru kwa heshima zote. Haukupita muda, uamuzi ukatoka: soko linahamia mlimani. Sababu ziliandikwa kwa urefu, kwa lugha safi kabisa.

Tukarudi kwa wakili. Baba akamwuliza kama jaji hawezi basi kupanda huko mlimani akajionea mwenyewe.

“Jaji haangalii maji, mzee,” wakili akasema. “Anaangalia kama walifuata sheria. Mara ya kwanza hawakuwasikiza. Sasa wamewasikiza.”

“Na kama wamekosea?”

“Kukosea si kuvunja sheria. Hiyo wanaruhusiwa.”

Nilitaka kumkasirikia huyo wakili, nikakosa nguvu. Alikuwa anasema kweli, na nadhani ilimuuma pia. Baba aliitazama kofia yake iliyokuwa magotini.

“Si ni afadhali wangekataa kutusikiza,” akasema. “Saa hii tungekuwa bado tuko na soko yetu.”