Nyuzi Kumi za Jumapili

Ukitaka kumtesa mtu mwenye kiguu na njia, mpe kazi ya kupima joto la Kericho. Mimi nilipewa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shamba moja la chai upande wa Kapsoit. Kila siku saa tatu asubuhi nilifungua kisanduku cheupe chenye vipimajoto, nikaandika kitabuni joto la juu na la chini, na mwisho wa mwezi nikapiga wastani. Joto la chini, Januari: nyuzi kumi. Februari: kumi. Machi: kumi na kitu. Julai tulivaa sweta mbili mbili, lakini kwenye jedwali tofauti ilikuwa ndogo hadi aibu kuitaja. Nyumbani Kisii walidhani nina kazi kubwa. Mimi niliona nanakili ukurasa mmoja maisha yangu yote, na miguu ikiniwasha.

Basi Jumamosi ikifika nilitoroka, popote pale. Jumamosi moja ya Januari nililala kwa rafiki yangu huko Silibwet, nikarudi Jumapili alasiri. Kipimajoto cha baridi kina kijiti kidogo ndani yake, kinachobaki pale baridi ilipofika mpaka mtu akirudishe. Nilikirudisha bila hata kukitazama, nikaandika kumi, nikaenda kunywa chai. Haikuwa mara yangu ya kwanza kupika namba, na Kericho ilikuwa haijawahi kuniumbua.

Jumanne chai ya bondeni ilikuwa imeungua, majani ya juu yote rangi ya kahawia. Nyapara wa bonde lile alikuwa Mkipsigis mtu mzima, amebakiza miezi michache astaafu, na wiki iliyopita watu wake walikuwa wamepiga dawa ya magugu pale. Meneja akatuita ofisini, akasema dawa ilichanganywa vibaya. Nyapara akakataa. Ilikuwa baridi, akasema. Jumapili alfajiri, wakienda kanisani, yeye na mkewe walipita pale wakakuta nyasi ni nyeupe.

"Mimi nilikanyaga hiyo barafu na hii viatu ya kanisa," alisema. "Ilikuwa inalia kwaru kwaru. Hata mama watoto aliona."

Meneja akafungua kitabu changu, akaweka kidole juu ya ile kumi.

"Mzee, kitabu kinasema hakukuwa na barafu. Kesho asubuhi niletee barua ya kujieleza, ama ufunge virago."

Nyapara alinitazama, akingoja niseme kitu. Nikageukia dirisha.

Jioni ile sikuweza kukaa. Nilizunguka barabara za shamba mpaka mbwa wa walinzi wakachoka kunibwekea. Niliogopa kupoteza kazi ile ile niliyokuwa nikiitukana kila siku, nasema wazi. Lakini mzee yule angeondoka mikono mitupu baada ya zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai. Nilijichukia.

Asubuhi nilimkuta kwenye benchi la ofisi, barua mkononi. Tuliingia pamoja.

"Bwana, Jumapili sikuwepo," nikamwambia meneja. "Ile kumi niliipika."

"Na ilikuwa ngapi?"

"Sijui. Nilirudisha kijiti kabla ya kusoma."

Meneja akafungua kitabu. Kisha akaikata namba yangu kwa wino mwekundu, akaacha pengo, na kumrudishia nyapara barua yake bila kuifungua. Mimi nikapewa onyo na kuhamishiwa kwenye mizani ya majani. Mwisho wa mwezi huo, kabla ya kukabidhi kitabu, nilipiga wastani wa Januari mara ya mwisho, bila ile Jumapili. Ukatoka kumi, kama Januari zote.

Lakini asubuhi ile, tulipotoka ofisini, nilimfuata nyapara nje, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilisema jana," akajibu. "Mama watoto pia aliona. Sasa imekuwa ukweli kwa sababu wewe kijana ndio umesema?"

Akaikunja barua yake, akaitia mfukoni, akashuka bondeni kuwapanga watu wake kazini.