Bibi Harusi Niliyemwekea Sumu

Mdogo wangu aliolewa Chunyu ili ugomvi uishe, na mimi nikabaki Nachingwea mjini nikimwandikia mateso. Nimejaribu kulisema kwa namna nyingine, nimeshindwa.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwa babu. Kwetu ni Naipingo, lakini babu alikuwa na shamba lingine upande wa Chunyu, wilaya ya Ruangwa. Mwaka mmoja aliwasha moto kusafisha mahali pa kupanda ufuta, upepo ukageuka, moto ukaingia kwa jirani na kula mikorosho iliyokuwa imeshatoa maua. Mzee wa kule aliungua mikono yote miwili akiuzima kwa matawi mabichi. Wiki haikuisha, watu wake wakaja na mapanga wakaikata mikorosho yetu michanga, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Tangu hapo tukaacha kuzikana. Sisi ni Wamakua, wao Wamwera. Kabla ya moto hakuna aliyelihesabu hilo. Baada ya moto kila mtu akalikumbuka.

Mimi nilikuwa na duka la steshenari mjini: kuchapa barua, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Siku moja akaja kijana kutoa kopi za karatasi za shamba. Umeme ukakatika, akasubiri. Alikaa kwenye benchi langu kwa muda wa karibu saa mbili, tukazungumza. Aliona daftari nililokuwa naandikia hadithi na akaniuliza inahusu nini.

"Falme mbili zilizopigana," nikamwambia. "Watu wa mto na watu wa mlima wa moshi. Sasa wamechoka, wanataka kuoana."

"Na anayeolewa anataka?"

"Bado sijajua."

"Ukishajua niambie," akasema, akacheka.

Umeme uliporudi nikaona jina la ukoo kwenye karatasi zake, nikajua ni mjukuu wa yule mzee aliyeungua mikono. Sikumwambia mimi ni nani. Nilimpa kopi zake, akaenda.

Jioni hiyo nilijua. Binti mfalme wa mto alitaka. Nikamvika shanga za bluu, nikampandisha juu ya mnyama mwenye pembe tatu, akaenda mlimani kwa hiari yake, na mwana wa mfalme wa moshi akashuka mpaka nusu ya njia kumpokea. Niliirusha sura hiyo kwenye grupu la simu la wapenzi wa hadithi. Watu wakaandika, "Endelea!" Nilikuwa na miaka ishirini na nane, na sihitaji kueleza binti yule alikuwa nani.

Baada ya miezi michache Baba akanipigia simu nije Naipingo, kuna wageni. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekutana msikitini Ruangwa kwenye msiba wa mtu mwingine, wakakubaliana kwamba mambo yale yaishe, na yaishe kwa ndoa ya yule mjukuu. Nilifunga duka mapema. Nilivaa gauni la kijani ambalo sikuwahi kulivaa. Nilipika wali na kuku mwenyewe, nikakataa kusaidiwa.

Mshenga alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alisema wamekuja kuomba jiko.

"Mabinti ninao wawili," Baba akajibu.

"Tumeambiwa. Tunamwomba huyu mdogo."

Nilikuwa napakua wali. Niliendelea kupakua kwenye sahani ileile mpaka shangazi akaniondolea mwiko mkononi.

Baadaye Baba alinifuata jikoni. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwanangu, hujavunjika moyo?"

"Kwa nini nivunjike moyo, Baba?"

"Wanasema wewe umesoma na una duka mjini, hutakubali kukaa shamba. Hawakukudharau."

"Sawa, Baba."

Mdogo wangu alikuwa uani anafua. Nimemzidi miaka sita, na siku zote alikuwa na kile kicheko kinachowafanya watu wageuke kumtazama. Nilimtazama na nikamchukia, kwa muda mfupi lakini kwa moyo wote. Kisha nikamsaidia kuanika nguo.

Harusi nilihudhuria. Hata nilicheza. Bwana harusi alinitambua, akaniuliza, "Shemeji, ile hadithi iliishaje?" Nikamwambia bado.

Niliporudi dukani nikaibadilisha. Yule mwana wa mfalme aliyeshuka nusu ya njia nikamfanya baridi, mtu anayelala amempa mkewe mgongo. Nikamleta mama mkwe, malkia mwenye kucha za shaba, aliyemnyima bibi harusi maji ya kunywa na kumkataza kuitamka lugha ya mtoni. Kila sura niliyoirusha, wasomaji walilia na kuomba nyingine. Sijawahi kusomwa vile. Wanawake wasionijua walinitumia ujumbe wa sauti wakisema wamekosa usingizi kwa ajili ya yule mtoto wa watu.

Na mdogo wangu alikuja Idi akiwa amenenepa.

Alikuwa amejifunza Kimwera. Aliongea na mumewe maneno mawili matatu, wote wakacheka, na sisi tukabaki tunatazamana. Alimwonyesha Mama jinsi wanavyopika mbaazi kule. Mama akaonja na kusema ni tamu kuliko zetu! Nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Wiki ileile niliandika sura ya kumi na nne, ambamo malkia anamkabidhi bibi harusi kikombe, na bibi harusi, kwa kuwa ameshajifunza adabu za mlimani, anakunywa chote bila kuuliza.

Siku ya tatu mdogo wangu akapiga simu.

"Dada," akasema, "umeniua."

Nikauliza anamaanisha nini.

"Usinifanye mtoto. Wifi yangu yumo kwenye hilo grupu, ananitumia kila sura. Njoo Chunyu. Mama mkwe anataka kukuona."

Ningeweza kutokwenda. Nilichukua bodaboda asubuhi kutoka Ruangwa mjini, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kusema kwamba hadithi ni hadithi tu. Nilimkuta mama mkwe ameketi kwenye mkeka uani anamenya muhogo. Mwanamke mwembamba, jino moja la mbele halipo. Kucha zake zilikuwa fupi, zimejaa udongo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akanitazama sana. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno analitafuta kwanza. "Ndiye wewe uliyenipa sumu mkononi?"

Maneno yote niliyoyatunga yakanipotea.

"Mkwe wangu alinisomea," akasema. "Yote. Alikuwa anasoma Kiswahili, kisha ananieleza kwa Kimwera. Tulipofika kwenye kikombe akanyamaza. Nikamwambia, soma. Akasoma." Akachukua muhogo mwingine. "Yule mama ni mbaya. Lakini ya maji ni kweli."

"Kweli vipi, Mama?"

"Alipokuja hapa, sikumpa maji kwa mkono wangu. Mwezi mzima. Mikono ya baba mkwe wangu niliifunga dawa mimi, kila siku, mpaka alipokufa haikunyooka. Sasa leo aje mjukuu wa aliyewasha moto, nimpe kata ya maji? Nilimwonyesha mtungi, nikamwambia ajichotee."

Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni yake, naye anamenya. Hakuinua macho.

"Hukuniambia," nikamwambia.

"Ningekuambia ufurahi?"

Mama mkwe akajifanya hasikii. Nadhani alielewa kila kitu.

Aliponyanyuka kwenda kubandika chungu, mdogo wangu akaongea haraka, kwa Kimakua, lugha ambayo hatukuwa tumeiongea sisi wawili tangu utotoni.

"Nilijua unampenda. Ulilitaja benchi lile mara ngapi? Mshenga alipokuja nilijua ni yuleyule. Na nilikubali. Nilitaka mara moja tu nichaguliwe mimi." Akafuta mikono kwenye kanga. "Kwa hiyo mwezi ule wa maji nilisema moyoni, silalamiki. Nikilalamika, Dada atashinda."

Nilichukua kisu nikaanza kumenya.

"Kitu kimoja nilitaka kukuuliza," akasema baadaye, sasa kwa Kiswahili. "Yule binti mfalme ana baba, ana mama, ana mnyama mwenye pembe tatu. Mbona hana dada?"

Nilikaa siku mbili. Shemeji alikuja jioni kutoka shambani, akanisalimia vizuri, akala, akaenda kusikiliza mpira kwa jirani. Nilimtazama nikitafuta lile jeraha langu, nikakuta ni mwanamume tu, mwenye vumbi miguuni, anayependa pilipili. Ilinishangaza, nusura nione aibu.

Lakini asubuhi ya pili niliamka nikawasikia wanawake wawili uani. Mama mkwe alikuwa akisema jambo kwa Kimwera, mdogo wangu akimjibu, kisha wakacheka pamoja, kicheko kirefu cha watu waliokwisha kuchekeana mara nyingi. Mama mkwe alikuwa amechota maji, anammiminia mdogo wangu mikononi anawe. Nilisimama mlangoni. Moto ukaniwaka kifuani upya, mkali kuliko ule wa siku ya wali, na safari hii haukumhusu mwanamume yeyote. Huyu alikuwa mdogo wangu. Utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia maji.

"Anasema nini?" nikauliza.

Mdogo wangu akageuka, bado anacheka. "Aa, Dada, kwa Kiswahili halichekeshi."

Nilirudi Nachingwea. Niliandika kwenye grupu kwamba kikombe hakikuwa na sumu, kwamba bibi harusi alizimia tu. Wasomaji walikasirika. Mmoja akaandika kwamba hadithi imepoa, wengine wakajitoa. Sikuwalaumu. Nikaanza sura mpya, ya msichana mkubwa aliyebaki kwenye ikulu ya mto, ambaye hakuna mjumbe aliyekuja kumwomba. Hadi sasa wanaoisoma hawafiki kumi.

Mdogo wangu anaisoma. Jana alinitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake nilisikia mama mkwe akiuliza jambo. "Anauliza," mdogo wangu akasema, "huyu dada anakuja lini mlimani? Nimemwambia sijui, nitamuuliza mwenyewe. Njoo kabla ya msimu wa korosho, Dada. Tutakuwa na kazi nyingi, na mimi nina mimba ya miezi minne."

Hakuwa ameniambia. Nilirudia kuusikiliza ujumbe ule nijue ni nani aliyeambiwa kwanza, mimi au yule mama. Kisha nikafungua kalenda ya duka na kuangalia siku ninazoweza kufunga.