Kilio Ambacho Mama Hakuhudhuria

Mjomba alipofariki mwaka jana hapa Kindu, mama hakukanyaga kilio chake. Na alikuwa kaka yake wa pekee, tumbo moja.

Wakati wa vita, treni zilipokoma na chakula kikaisha mjini, baba na mjomba walivuka mto Lualaba kutafuta mihogo. Siku ya tatu mjomba alirudi peke yake, miguu imevimba.

"Tulikimbia risasi, tukaachana porini," alisema. "Atakuja."

Miezi ikapita. Mama alipotaka kuketi matanga, mjomba alikataza.

"Usimulilie mutu muzima, dada."

Tukangoja. Mjomba ndiye aliyetulisha na kunisomesha. Vita vikaisha, treni zikarudi, baba hakuja. Kila mama alipogusia matanga, mjomba aliinuka akaaga. Mwishowe mama akaacha kusema.

Asubuhi ya maziko ya mjomba nilimkuta mama nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya mihogo, macho mekundu.

"Mama, watu wanakungoja."

"Enda wewe."

"Niwaambie nini?"

Aliacha kutwanga. "Nikifika pale nitalia, na nitamulilia baba yako. Kaka yangu alinikataza kilio cha bwana yangu. Sasa niende nikilie mbele ya maiti yake, watu wanishike mukono, waseme pole ya kaka?"

"Lakini unamlilia mjomba pia."

"Njo hiyo. Siwezi kuwatenganisha."

Nikaenda peke yangu. Chini ya turubai niliwadanganya waombolezaji kwamba mama ana homa. Shangazi zake waliguna. Mke wa mjomba alinitazama tu.

Baada ya wiki moja alikuja kwetu, bado amevaa nguo za msiba. Alikataa kiti, akaketi mkekani karibu na mama.

"Wifi, kaka yako alimuona bwana yako akianguka kwa risasi," alisema. "Aliniambia akiwa kitandani, siku zake za mwisho. Alimuacha pale akakimbia. Alishindwa kukwambia, miaka yote hiyo."

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu ni wapi.

"Njia ya Lokandu. Zaidi ya hapo hakusema."

Jioni ile mama alitandika mkeka sebuleni, akafunga kitambaa kichwani, akalia mpaka sauti ikakauka. Majirani walikuja, wakauliza ni nani amekufa. Niliwajibu: baba.

Kwenye kaburi la mjomba mama hajakwenda mpaka leo. Mimi simuombi tena aende.