Idi ya Peke Yangu

Niliwahi kuwapelekea majirani zangu wa mji wa Baraka kuku wa Idi, nimevaa koti la sufu na kuchana nywele, katika siku ambayo haikuwa Idi wala haikukaribia kuwa. Naanza na hilo ili msomaji asije akanitafutia heshima ambayo sikuwa nayo.

Ilikuwa katika ile miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka Bukavu, kwenye baridi na migomba, kuja Baraka kuwa karani wa depo ya pamba kando ya ziwa Tanganyika. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine huzaliwa na miguu. Mimi nilizaliwa na kiti. Mkubwa wa kazi asingenituma, ningezeekea jikoni kwa mama yangu nikiyasifu maharage yake. Nilifika na mablanketi mawili na lile koti, kwa sababu mama alisema kando ya ziwa kuna baridi, naye ziwa alilolijua lilikuwa la Kivu. Blanketi moja nililigeuza mto, la pili nikalitundika dirishani kuzuia jua, na koti likabaki kwenye msumari likinicheka.

Joto nililizoea. Kula peke yangu ndiko kulikonishinda. Nilijua kuandika Kifaransa bila kosa, au karibu, lakini bugali wangu wa muhogo ulitoka ama uji ama tofali. Jirani yangu, mama mmoja Mwislamu, mke wa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliuona siku moja ndani ya sufuria, akaugonga kwa kidole, akauliza, "Karani, na hii unajenga nini?"

Tangu siku ile, kila jioni aliniita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi kijiji cha Kazimia: "Karani, kuya kula." Nami nachukua kiti changu, naenda kukaa na mumewe barazani mwao, mbele ya sahani ya bugali laini na sombe ya majani ya muhogo, na zile ndagala ndogo zimemwagwa juu kama misumari ya fedha. Sikuwa na ndugu hata mmoja mjini. Ile sahani ndiyo ilikuwa ukoo wangu.

Basi asubuhi moja nikamwuliza yule mama kama naweza kupata ndagala mbichi.

"Hakuna, karani," akasema. "Iko mwezi."

Nikatikisa kichwa kukubali, kama wanavyotikisa watu waliosoma wasipoelewa kitu. Huko Bukavu, Mwislamu pekee niliyemfahamu alikuwa muuza vitambaa karibu na shule yetu, na kila alipofunga saumu alituambia, "Tuko mu mwezi," akakataa hata maji. Kwa elimu hiyo yote nikahitimisha kwamba Ramadhani imeingia.

Nikaamua kuwa muungwana. Ningewezaje kutafuna mbele ya watu wenye njaa? Nikaanza kula ndani, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, katika joto lile, jasho likiniongezea chumvi kwenye maharage. Jioni mama alipoita, "Karani, kuya kula," niliitikia kutoka ndani, "Asante mama, nimeisha kula." Niliona futari ni ya waliofunga, mimi niliyeshiba mchana nisiende kuwapunguzia. Aliita jioni ya pili, na ya tatu. Mara moja alikuja hadi mlangoni, nikamsikia akinusa. Baada ya hapo hakuita tena. Nikasema moyoni, maskini, saumu imemchosha.

Dalili za kuniamsha zilikuwepo, lakini mtu aliyekwisha kuamua haamshwi kwa urahisi. Niliona moshi jikoni kwao mchana. Nikasema ni wa watoto. Nilimkuta mumewe jua la utosini akitafuna muwa nyuma ya nyumba. Nikageuza uso, nikakohoa kidogo, ili ajue kwamba nimeona na kwamba siri yake iko salama kwangu. Aliniangalia sana.

Nilichokuwa sijui ni maana ya mlango. Pale watu walikula nje, na anayepita aliitwa, hata kama sahani ilikuwa na tonge mbili tu. Anayefunga mlango na chakula kiko ndani, basi nyama yake ni ya wizi au moyo wake ni mbaya. Bamama waliokuwa wakifua ziwani wakaanza kunyamaza nikipita, na nikishapita nasikia, "Bwana Mulango huyo." Salamu zikafupika. Nami nikawasamehe wote kwa ajili ya njaa yao, nikarudi ndani kwenye kiti changu, nikalitazama lile koti msumarini, na kwa mara ya kwanza tukaelewana. Nilianza kutunga kichwani maneno ya kumwomba mkubwa anirudishe Bukavu. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga vizuri. Yalibaki kusemwa tu.

Halafu siku moja nikaamka, ufuko mzima unang'aa. Ndagala zimetandazwa juu ya mchanga na juu ya mikeka, watu wanachekeana, mitumbwi imejaa majivu ya kuni. Nikamwuliza mmoja aliyepita na kapu, "Mwezi imeisha?"

"Imeisha," akasema.

Saumu ilikuwa fupi ajabu, lakini nikadhani joto la Baraka limeombewa punguzo. Nikatafuta kuku, nikavaa koti, nikaenda.

Mama alikuwa akigeuza ndagala kwenye mkeka pamoja na wenzake wawili. Mumewe alikuwa akishona wavu.

"Heri ya Idi," nikasema. "Na poleni na njaa."

Kuku tu ndiye aliyesema kitu.

"Idi ya nini, karani?" akauliza mumewe.

"Ya kumaliza mwezi."

Akamtazama kuku, akatazama koti, akatazama juu. "Mwezi ya kule juu," akasema polepole, kama anayemfundisha mgonjwa. "Ile inaangazaka usiku. Sisi tunavua na moto mu mutumbwi. Mwezi ikiwaka, ndagala hazioni moto yetu, basi tunalala ku nyumba. Kwenu mu milima, mwezi haitokake?"

"Inatokaka, baba."

Mmoja wa wale bamama alikaa chini, tena juu ya ndagala, akicheka bila sauti. Yule mvuvi akaweka wavu pembeni. "Njo maana ulinikoholea ile siku ya muwa?"

"Njo maana."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Lakini mama hakucheka. Alikuwa amesimama, samaki mkononi.

"Na mulango?" akauliza.

"Mulango gani, mama?"

"Mulango yako. Siku zote zile unakula umejifungia kama mwizi. Ulikuwa unatuficha nini?"

"Maharage tu, mama. Sikutaka nikule mbele yenu, na ninyi muko na njaa."

"Na mi nikikuita?"

"Niliona ile chakula ni ya bale balifunga. Mi sikufunga."

Yule aliyekaa juu ya ndagala akainuka, akajipangusa. Jasho lilikuwa likinishuka ndani ya koti hadi viatuni, nami nikayakumbuka yale maneno yangu ya kumwambia mkubwa, nikaona leo nitayahitaji. Mama akafuta mkono kwenye kitenge, akaja, akanipokea kuku. Akamminya kifua kuona kama ana nyama. Kisha akaniangalia mimi, namna ileile aliyoutazama bugali wangu siku ya kwanza.

"Karani, weye uko mujinga kabisa," akasema, "lakini hauko muchoyo. Mujinga, tunaweza kukaa naye. Vua hiyo koti, enda ulete kiti yako, na ule mulango uuache wazi."