Kingereza cha Kumuuliza Anastazi

Pasi ya makaa ikigusa kitambaa kibichi, ile harufu kama ya nywele zilizoungua, mimi narudi mtaani kwetu Rwezamenyo, kwenye baraza la mama mdogo Mariamu, fundi cherehani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Mauaji ya kimbari yalikuwa yamekwisha, na mama yangu hatukujua alitupwa wapi.

Aliyejua alipita hapo kila asubuhi. Anastazi, jirani yetu. Namtaja, sioni haya. Yeye hakuona haya kuja na lile genge lililomtoa mama ndani. Alikuwa bado hajafungwa. Anasalimia, mama mdogo anaitikia. Nyie mnaonisoma mtashangaa, lakini kwetu jambo kama hilo humuulizi mtu usoni. Unauliza mvua, unauliza watoto, unanyamaza.

Dawa alikuja nayo Joyce, wa cherehani ya pili. Alikulia Kampala, akarudi na Kingereza cha vichekesho. Akitaka kumuuliza mteja kwa nini bwana amemkimbia, anaanza, "No ofensi, bosi!" yaani usichukie. Ama, "Askingi fo a frendi!" yaani swali si lake, katumwa na rafiki. Watu wanacheka, wanajikuta wameshajibu.

Siku moja Anastazi akaja kupimwa suruali. Mama mdogo kapiga magoti, utepe uko kiunoni kwa yule mtu. Nikasema, kwa sauti ya Joyce kabisa:

"No ofensi, mzee Anastazi. Askingi fo a frendi. Mama yangu mlimweka wapi?"

Joyce akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

Anastazi akacheka. "Yewe! Haka katoto kamekuwa kazungu, sha!" Halafu, mikono kaiinua apimwe vizuri: "Si ni kwenye shimo la choo, pale nyuma ya bucha. Mariamu, mapajani usibane sana."

Mama mdogo akamaliza kupima. Kesho yake tulichimba. Alimtambua dada yake kwa kitenge.

Anastazi alifungwa, katoka, leo anauza soda pale njia panda ya Sonatubes. Mimi miaka mingi nilijisifu kwamba nilimtega kwa Kingereza. Sikumtega. Kwake haikuwa siri hata siku moja. Alikuwa anangoja tu tumuulize kwa adabu.